Kurekebisha Mkazo wa Springi za Koilova kwenye Pikapu Ukiwa Nyumbani: Mwongozo Kamili

"Fundi, nimezungusha pete raundi sita kila upande, pua imepanda vizuri, lakini sasa kila nikishuka tuta gari linagonga 'ta!' Shokapu zimekufa?"

Swali hili nimelipata mara nyingi mno, na karibu kila mara shokapu huwa nzima. Springi imekazwa kupita kiasi kwa pete ya koilova, yaani shokapu iliyovalishwa springi yake. Wengine hukwama mapema zaidi: pete inagoma, spana ya ndoano inateleza, meno ya pete yanalika. Wapo pia wanaomaliza kazi yote, wakashusha gari na kukuta limeinamia upande kuliko lilivyokuwa asubuhi. Makosa ni yaleyale, kwa hiyo nimeandika kazi nzima hapa kuanzia mwanzo.

Mfano wangu ni Toyota Hilux, kizazi cha Vigo au cha Revo, iliyofungwa bampa la chuma na winchi hadi pua ikainama. Utaratibu ni uleule kwa Ford Ranger za 2011 kuja juu, Isuzu D-Max za 2012 kuja juu na Mitsubishi L200 za 2005 kuja juu, mradi ziwe zimefungwa koilova za kurekebisha. Tenga nusu siku na usianze kazi jua likiwa linazama.

## Vifaa

- Jeki ya magurudumu ya tani 2 au 3. Jeki ya chupa inafaa ukiwa na sakafu ngumu.
- Stendi mbili za tani 3 kila moja. Matofali na magogo si stendi.
- Kabari nne za kuzuia matairi.
- Spana ya ndoano inayolingana na pete yako. Mara nyingi huja kwenye boksi la koilova. Kama koilova yako ina pete mbili, tafuta spana mbili.
- Seti ya alenki, spana za boksi na spana ya toki.
- Klampu mbili za kubania springi. Huenda usizihitaji, ila ziwe karibu.
- Brashi ya nailoni, ndoo ya maji ya sabuni na vitambaa.
- Mafuta ya kupenyeza na kilainishi cha silikoni.
- Futi ya chuma, rula ya chuma, maka ya rangi nyeupe na daftari.
- Miwani ya kinga na glavu.

Nyundo na patasi ziache ndani. Pete nyingi ni za aluminiamu, na patasi ikishaingia hapo mara moja, spana haitashika tena.

## Kwanza, hakikisha gari lako linarekebishika

Washa tochi utazame nyuma ya tairi la mbele. Koilova ya kurekebisha ina mwili wenye nyuzi kama za bolti kubwa, na pete inayokaa juu ya nyuzi hizo ikiikandamiza springi. Ukiona mwili laini usio na nyuzi, hiyo ni shokapu ya kiwandani na haina kitu cha kuzungusha.

Zipo nyingine zenye mifereji michache badala ya nyuzi, kama Bilstein 5100. Kiti cha springi hukalia klipu iliyo kwenye mfereji, na ili kukihamisha ni lazima ushushe shokapu na kuifungua springi yote. Kazi hiyo ipeleke gereji yenye mashine ya kubania springi.

Hilux za kabla ya Vigo hazina koilova mbele. Nyingi zina toshenibaa, yaani fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinazouzwa kwetu zina ekseli ngumu mbele, springi mbali na shokapu mbali. Mwongozo huu hauzihusu.

## Unachobadilisha hasa

Sehemu hii usiiruke. Makosa mengi huanzia hapa.

Ukikaza pete huifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Springi ya kawaida ya koilova ina ugumu mmoja, aliouweka aliyeitengeneza. Unachobadilisha ni mahali gari linapokalia katika safari ya shokapu, yaani umbali wote inaoweza kuingia na kutoka.

Chukua mfano. Tuseme springi inahitaji kilo 100 ili ibanwe sentimita 1, na uzito unaoikalia ni kilo 900. Gari likiwa chini, springi itabanwa sentimita 9, haikwepeki. Kama pete ilishaibana sentimita 5 kabla, uzito wa gari utaibana 4 zilizobaki, na shokapu itaingia sentimita hizo 4. Sasa kaza pete sentimita 1 zaidi. Springi bado inabanwa jumla ya sentimita 9, ila pete imechukua 6, kwa hiyo shokapu inaingia 3 tu. Pua imepanda.

Hizo sentimita 3 za shokapu ndizo nafasi iliyobaki ya gurudumu kushuka kwenye shimo. Zikikaribia sifuri, kila gurudumu likishuka shokapu hufika mwisho wa urefu wake na kugonga chuma kwa chuma. Huo ndio mlio wa "ta!" aliousikia mwenzetu. Gari linahisiwa gumu, mwenyewe anaamini springi imekuwa imara, kumbe shokapu inapigwa kila tuta.

Kwa hiyo kukaza pete ni dawa ya pua iliyoinama. Kama tatizo lako ni gari kugonga chini kabisa kila ukiingia shimoni na mzigo, nunua springi nzito zaidi.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Weka upepo wa matairi sawa kulia na kushoto. Pakia gari linavyokuwa siku zote: winchi, boksi la spana, tairi la akiba, tenki angalau nusu. Ukipima gari tupu na kulitumia limejaa, umepima gari lingine.

Tafuta sakafu iliyonyooka. Ukiitilia shaka, pima, geuza gari lielekee upande wa pili, lirudishe palepale na upime tena. Chukua wastani wa vipimo viwili vya kila gurudumu. Mteremko mdogo wa sakafu utakuwa umejifuta.

Nyoosha usukani, achia handibreki, sukuma gari mbele na nyuma mita chache, kisha likandamize bampa mara tatu au nne. Sababu ni kwamba matairi na bushi hushikilia mwili wa gari mahali ulipoachwa. Gari lililotoka kwenye jeki sasa hivi linaweza kusimama juu kwa sentimita kadhaa za uongo.

Sasa pima kutoka katikati ya habu wima hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Usipime kutoka ardhini, maana tairi lililolika au lenye upepo pungufu litakudanganya. Andika kwa milimita. Mfano wetu una kushoto mbele 492 na kulia mbele 500.

Ukirudia zoezi lote, kusukuma na kukandamiza, ukapata namba zilezile kwa tofauti ya milimita 2 au 3, vipimo vyako ni vya kuaminika. Ukipata tofauti ya 10, hujasukuma gari vya kutosha au sakafu ina tatizo.

### Kama gari limeinama upande

Usikimbilie pete. Mara nyingi anayeinamisha mbele ni springi ya plati ya nyuma iliyochoka upande mmoja. Kuna namna ya kumjua mkosaji: weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya mbele yote mawili, kisha inua nyuma ya gari kwa jeki iliyowekwa katikati kabisa, chini ya kiungo cha chasisi au cha kuvutia trela, hadi matairi ya nyuma yaache ardhi kidogo. Handibreki haikusaidii hapo kwa kuwa inashika magurudumu ya nyuma, na ndiyo maana kabari ni za lazima. Usiingie chini ya gari. Pima mbele tena. Kama kulia na kushoto zimekuwa karibu sawa, tatizo liko nyuma, na kuzungusha pete kutaficha ugonjwa tu.

## Hatua ya 2: Piga hesabu kwenye daftari

Tuseme unataka mbele isimame 515 pande zote. Kushoto inahitaji kupanda 23, kulia 15.

Shokapu haijafungwa kwenye gurudumu. Imefungwa karibu na katikati ya mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu kutoka kwenye chasisi. Kwa hiyo pete ikisogea milimita 1, gurudumu husogea karibu 2. Gawa kwa mbili: kushoto pete isogee kama 12, kulia kama 8.

Mara ya kwanza usifanye zote. Fanya theluthi mbili: 8 kushoto, 5 kulia. Kupandisha upande mmoja hugusa na upande wa pili kidogo, na kuongeza ni rahisi kuliko kurudi.

Kujua raundi ngapi, weka rula kwenye nyuzi, hesabu nyuzi 10, kisha gawa urefu wake kwa 10. Kama nyuzi 10 zina urefu wa milimita 20, raundi moja ni milimita 2, kwa hiyo kushoto ni raundi 4 na kulia ni mbili na nusu. Usichukue namba ya raundi kutoka kwa rafiki, kwa sababu nyuzi za koilova yake zinaweza kuwa na nafasi tofauti na zako.

## Hatua ya 3: Inua gari na upate namba ya kukuzuia

Legeza nati za magurudumu robo raundi gari likiwa bado chini. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, handibreki juu, gia ndani. Inua mbele kwa kushika kiungo cha chasisi, kisha weka stendi chini ya chasisi pande zote mbili na ushushe gari likalie stendi.

Onyo: stendi isiwekwe chini ya mkono wa chini. Mkono ukishikiliwa, springi inabaki na uzito wa gari, na pete haitazunguka.

Kabla ya kutoa magurudumu, pima tena habu hadi madigadi huku yakining'inia. Tuseme umepata 585. Namba hii haibadiliki hata ukikaza pete kiasi gani, kwa sababu inawekwa na urefu wa shokapu iliyonyooka. Toa kimo unachokitaka: 585 kutoa 515 ni 70. Hizo ndizo milimita ambazo gurudumu litaweza kushuka.

Mimi sikubali chini ya 60, na kwa barabara za vumbi zenye mawimbi napenda 70 hadi 90. Kama hesabu yako imetoka 40, punguza kimo sasa hivi, kabla hujachafua mikono. Tena, hata nafasi ikiwepo, Hilux ikipandishwa zaidi ya takriban milimita 50 juu ya kimo cha kiwandani, draivushafti, yaani shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele, zinafanya kazi zikiwa zimepinda vibaya. Niliwahi kupuuza hilo kwenye gari langu. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, mpira wa draivushafti ya kushoto ulichanika, na nilipoinama kutazama rimu nzima ilikuwa imepakwa grisi nyeusi iliyochanganyika na vumbi kama ugali wa mtama. Nilirudi mwendo wa pole hadi lami, sivijointi, kiungo kilicho ndani ya mpira huo, ikilia kila kona.

Toa magurudumu uyasukumie chini ya chasisi, moja kila upande. Stendi ikiteleza gari litakalia tairi. Tikisa gari kwa nguvu kwa mkono. Lisipocheza juu ya stendi, endelea.

## Hatua ya 4: Achia stabilaiza na ukague

Fungua linki ya stabilaiza pande zote mbili. Stabilaiza ni fimbo inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto, na ikibaki imefungwa inaweza kuuzuia upande mmoja usining'inie hadi mwisho. Zikiachiwa, mikono yote miwili hushuka huru na unafanya kazi kwa usawa.

Ukiwa hapo, zungusha usukani mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, utazame paipu ya breki na waya wa ABS. Visivutwe vikawa kama kamba ya gitaa. Shika mipira ya draivushafti uikunjue kwa vidole utafute nyufa. Tazama pia kama kuna mafuta yaliyovuja kwenye shafti ya shokapu. Shokapu inayovuja haitibiwi kwa pete.

## Hatua ya 5: Safisha nyuzi hadi zing'ae

Hapa ndipo pete zinapookolewa. Udongo mwekundu ukishakauka kati ya nyuzi huwa kama sementi, na chembe moja ya mchanga inatosha kukwaruza aluminiamu hadi pete ikafunga moja kwa moja.

Sugua kwa brashi ya nailoni na maji ya sabuni, juu ya pete na chini yake, kisha suuza na ukaushe. Brashi ya waya usiitumie, inachuna rangi ya kinga na kukaribisha kutu. Pulizia mafuta ya kupenyeza palipo na kutu, subiri nusu saa. Kisha pulizia silikoni kidogo kwenye nyuzi za upande ambao pete inaelekea.

Futa kidole, kisha ukipitishe kwenye nyuzi. Ukihisi nyuzi safi zenye ncha bila chembechembe, tayari.

Sasa chora mstari mweupe wima unaopita juu ya pete, mwili wa koilova na mzunguko wa kwanza wa springi. Pima pia kwa rula kutoka ukingo wa pete hadi mwisho wa nyuzi, andika. Kama kila kitu kitaharibika, hizo ndizo namba za kukurudisha nyumbani.

## Hatua ya 6: Fungua kifungio cha pete

Nusu ya pete "zilizogoma" nilizoitwa kuzitazama zilikuwa bado zimefungwa. Zungushia tochi pete nzima. Utakuta kimojawapo kati ya hivi: bolti ndogo ya alenki inayobana mkato wa pete, skrubu ndogo inayoingia ubavuni, au pete ya pili nyembamba iliyokazwa dhidi ya ya kwanza.

Bolti na skrubu zilegeze tu, usizitoe. Kabla ya kuingiza alenki, chokoa uchafu wa ndani ya tundu kwa msumari mwembamba. Alenki isiyoingia hadi mwisho itaviringisha tundu, na hapo kazi ya nusu siku inakuwa ya siku mbili. Kwa pete mbili, shika moja kwa spana na uzungushe nyingine.

Onyo la kuokoa maisha: nati iliyo katikati kabisa juu ya shokapu, inayoshika ncha ya shafti, usiiguse. Hiyo ndiyo inayozuia springi isifyatuke. Vali ndogo ya gesi, kama ipo, nayo iache. Ndani kuna naitrojeni yenye shinikizo kubwa.

## Hatua ya 7: Zungusha

Usikariri "kulia ni kukaza". Koilova nyingine zina pete juu, nyingine chini. Tazama pete inakwenda wapi: ikiisogelea springi, unaongeza mkazo na gari litapanda; ikiikimbia springi, unapunguza.

Ingiza ndoano ya spana kwenye pengo la pete, hakikisha imekaa sawasawa na uso wa pete, kisha vuta polepole robo raundi. Mkono mmoja uvute, mwingine ukandamize ndoano isiruke. Vuta kuelekea mahali ambapo mkono ukiteleza hautagonga chuma.

Tarajia uzito. Kwa springi ya mfano wetu, pete imebeba kilo 500 hata gari likiwa hewani, kwa sababu ilishabanwa sentimita 5. Na kila raundi ya milimita 2 inaongeza kilo 20.

Ikiwa inakataa kwa nguvu ya kawaida ya mkono, usivalishe bomba refu kwenye spana. Funga klampu mbili za springi, zikitazamana pande mbili za springi, ndoano zikiwa zimeshika mizunguko kamili. Kaza kwa mkono zamu kwa zamu, raundi mbili huku, raundi mbili kule, mpaka uzito utoke tu kwenye pete, usizidishe. Bunduki ya kufungulia nati isitumike kwenye klampu, na uso wako usiwe usawa wa springi. Pete itazunguka karibu kwa vidole. Ukiona klampu zinahama au kuinama, legeza uanze upya.

Pete iliyoganda kwa kutu iloweshe kwa mafuta ya kupenyeza usiku kucha. Moto wa gesi ni marufuku. Kuna sili na gesi ndani ya shokapu.

Sasa jambo ambalo limewapoteza wengi: mara nyingi springi huzunguka pamoja na pete. Ndiyo maana ulichora mstari. Hesabu raundi za pete dhidi ya mwili wa koilova, na usizihesabu dhidi ya springi. Na baada ya kila raundi mbili, weka rula upime nyuzi. Rula ndiyo yenye neno la mwisho. Ukipanga milimita 8 na rula ikasema 8, umemaliza upande huo, hata kama kichwani ulihesabu raundi tatu.

Ukisikia mlio wa kukwaruza mkavu, simama. Rudisha nyuma nusu raundi, safisha, pulizia silikoni, jaribu tena. Kulazimisha hapo ndiko kunakokula nyuzi.

## Hatua ya 8: Funga na urudishe

Kama ulitumia klampu, zilegeze zamu kwa zamu na uone springi inakalia kiti chake sawasawa, ncha yake ikiwa mahali pake. Kaza kifungio cha pete. Ni bolti ndogo ndani ya aluminiamu, kwa hiyo ikishabana vizuri na alenki fupi inatosha. Kama mtengenezaji ametoa namba ya toki, fuata hiyo. Futa silikoni iliyobaki nje, la sivyo vumbi litaishi hapo.

Rudisha magurudumu, shusha gari, kaza nati kwa mtindo wa nyota kwa toki ya kitabu cha gari lako. Linki za stabilaiza zifunge mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, pande zote zikiwa usawa mmoja. Ukizifunga upande mmoja ukiwa hewani, stabilaiza itasukuma gari liiname.

## Hatua ya 9: Endesha kidogo, pima tena

Pitia matuta mawili matatu polepole, funga breki mara kadhaa, zunguka kilomita moja au mbili. Rudi palepale ulipopimia mwanzo, sukuma, kandamiza, pima.

Mfano wetu ungeweza kuleta kushoto 508, kulia 511. Sasa unajua gari lako lenyewe linajibu vipi: milimita 8 za pete zimeleta 16 kushoto. Zilizobaki ni 7 na 4, yaani pete kama 3 na nusu na 2. Rudia hatua ya 3 hadi ya 8. Kurudia huku huchukua chini ya nusu ya muda wa kwanza.

Tofauti ya kulia na kushoto ikiwa ndani ya milimita 5, acha. Kutafuta usawa wa milimita 1 ni kupoteza siku. Dereva akipanda tu kipimo kinabadilika.

Sikiliza tuta la mwisho. Pua inapaswa kushuka upande wa pili kimya. Ukisikia "ta!", umepita kiasi: punguza pete milimita 3 kila upande ujaribu tena. Ikiendelea kugonga huku nafasi ya kushuka ikiwa zaidi ya 60, basi tafuta bushi ya shokapu iliyolegea au linki ya stabilaiza ambayo hukuikaza.

## Hatua ya 10: Alaimenti na taa

Hii wengi huiahirisha, halafu miezi mitatu baadaye wananunua matairi. Pua ikipanda, mikono ya gurudumu inabadilisha pembe: magurudumu yanabadilika jinsi yanavyoelekeana, yanaegemea nje kwa juu, na usukani unapoteza hamu ya kujirudisha katikati. Peleka gari alaimenti wiki hiyohiyo, na umwambie fundi umebadilisha kimo ili asirekebishe tairodi (fimbo za usukani) peke yake. Kwenye Hilux mikono ya chini ina bolti zenye kemu za kusogeza pembe nyingine. Nyingi zimeganda, kwa hiyo zipulizie mafuta ya kupenyeza siku moja kabla.

Usipeleke kabla hujamaliza kimo. Kila ukigusa pete, alaimenti uliyolipia imekwisha.

Usiku huohuo simamisha gari mita kama 10 kutoka ukutani, ushushe mwelekeo wa taa. Pua iliyopanda sentimita 2 inawapofusha wanaokuja mbele yako, na kwenye barabara kuu isiyo na taa hilo ni hatari ya kweli.

Baada ya kilomita 500 hivi, angalia tena nati za magurudumu, linki za stabilaiza, kifungio cha pete na mstari mweupe. Mstari ukiwa umehama, kifungio hakikushika. Chora mpya, kaza, na andika kwenye daftari: tarehe, kimo cha magurudumu manne, milimita za nyuzi kila upande, na gari lilikuwa na mzigo gani. Daftari likae kwenye droo ya gari. Siku utakapotoa winchi au kufunga betri ya pili, hutaanza kupima upya kutoka sifuri.